Ni Nani Aliyeichonga?

Iko mithali ya Waswahili isemayo: Mali bila daftari hupotea bila habari. Wafanyi biashara huitumia kwa kuonyana juu ya fedha na bidhaa. Sisi leo tungependa kuitumia kwa mali ya namna nyingine, yaani kazi za sanaa ambazo karne ya ishirini ilituachia: sanamu za mti, sinema, ngoma, sahani za santuri, na picha zilizotundikwa katika kuta za nyumba zetu.

Siku hizi kazi hizo zinatafutwa sana. Watu wa miji mikubwa, huko Ulaya, Marekani na hata Kinshasa, wanazinunua, wanazitazama upya na kuzisifu. Jambo hilo ni jema, maana kitu cha kale hakiwi kibaya kwa kuwa ni cha kale, wala kipya hakiwi chema kwa ajili ya upya wake. Lakini anayeisifu kazi pasipo kuuliza habari za mtu aliyeifanya amesifu nusu tu. Nusu ya pili ameiacha njiani. Na ile nusu iliyoachwa njiani, mara nyingi ndiyo iliyo yetu sisi.

Ili maneno haya yasiwe ya hewani, tutaichukua nchi moja iwe mfano: jimbo la Tshopo katika Kongo, tangu Opala penye mto Lomami hata Kisangani na Ubundu penye mto Kongo wenyewe. Ni nchi ya msitu, na wengi hudhani ya kuwa msitu hauna la kuonyesha ila miti. Mtaona wenyewe kama ndivyo.

SANAMU ZA WAMBOLE

Opala iko kando ya mto Lomami, upande wa kusini-magharibi ya Kisangani. Wenyeji wake wengi ni Wambole. Kabila hilo si kubwa, lakini wapenzi wa sanaa wa dunia nzima wanalijua jina lake, kwa sababu ya sanamu za mti ziitwazo ofika.

Hebu tuitazame sanamu moja polepole, kama mtu atazamavyo uso wa mgeni aliyebisha hodi. Uso wake umechongwa mfano wa moyo, umezama ndani kidogo, nao umepakwa rangi nyeupe. Mwili ni mrefu na mwembamba. Mabega yameinamia mbele. Mikono imelegea, na viganja vyagusa mapaja. Magoti yamekunjika kidogo, na miguu ni kama haikanyagi kitu. Nakshi ni chache. Mtazamaji hukaa kitambo akijiuliza ni nini kinachomsikitisha hivi, kisha hung'amua: mtu huyu amening'inia. Ni mtu aliyenyongwa.

Wataalamu waliowauliza wazee wa Wambole wameeleza habari zake. Zamani palikuwa na chama kiitwacho Lilwa, kilichowafundisha vijana wanaume sheria za kabila. Mtu aliyevunja amri kubwa, kama vile kuua au kutoboa siri za Lilwa, aliweza kuhukumiwa kunyongwa. Sanamu hizi zilikuwa ukumbusho wa watu wa namna hiyo. Zilifichwa mbali na macho ya watu, na siku za mafundisho zilitolewa zikaonyeshwa kwa vijana, ili kila mmoja ajue mwisho wa kuvunja sheria. Kwa hiyo ofika haikuwa pambo la nyumba. Ilikuwa ni somo.

Huenda mama wa jamaa atauliza: Kitu cha kutisha namna hii, kwa nini tukisifu? Swali lake ni la haki. Hakuna anayetamani hukumu zile zirudi. Lakini kuisifu kazi ya fundi si kuisifu hukumu. Tazameni tena ule uso mweupe: fundi hakumcheka mtu aliyehukumiwa, wala hakumfanya mnyama. Amemchonga akiwa kimya, mwenye haya, mwanadamu kamili. Kijana aliyeonyeshwa sanamu ile aliogopa, bila shaka. Lakini pengine alihurumia pia. Kwa kisu, shoka na rangi za udongo tu, fundi yule aliweza kutia woga na huruma katika kipande kimoja cha mti. Mafundi wengi wenye vyombo bora wameshindwa kufanya hivyo.

Leo sanamu hizo ziko katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels, na katika majumba mengine ya Ulaya na Marekani. Kando ya kila moja pana karatasi ndogo yenye maandishi: Wambole, Kongo, mti na rangi, urefu kadha wa kadha. Lakini mahali palipopasa kuandikwa jina la mchongaji, kwa kawaida pana kimya.

JE, HAWAKUWA NA MAJINA?

Walikuwa nayo, tena yalijulikana. Katika kijiji, fundi mchongaji hakuwa mtu wa kusahauliwa. Watu walijua nani achonga vizuri na nani aharibu mti bure, kama leo wanavyojua fundi gani wa cherehani ashona suruali ikakaa sawa. Jina halikupotea kijijini. Lilipotea siku ile sanamu ilipochukuliwa, kwa sababu aliyeichukua hakuuliza. Wazungu wengi wa zamani zile walidhani ya kuwa katika Afrika ni kabila lichongalo, si mtu. Basi wakaandika kabila, wakafunga sanduku.

Kwamba dhana hiyo ilikuwa ya uongo, twaweza kuonyesha kwa mifano miwili ya Kongo hiyo hiyo, ingawa ni ya mbali na Opala.

Mfano wa kwanza watoka kusini-mashariki, katika nchi ya Waluba. Mtaalamu mmoja Mbelgiji, Frans Olbrechts, alivilinganisha viti vya wafalme na sanamu kadhaa zenye nyuso ndefu za huzuni, akatambua kwamba zote zimetoka katika mkono mmoja. Kwa kuwa hakujua jina la fundi, alimwita kwa jina la kijiji: Bwana wa Buli. Miaka ikapita. Baadaye wazee wa upande ule walipoulizwa, walitaja jina la mtu: Ngongo ya Chintu, wa kijiji cha Kateba. Sasa wataalamu huliandika jina hilo kando ya lile la kubuniwa. Oneni basi: kilichohitajika hakikuwa chombo cha ajabu wala fedha nyingi, bali swali, na mzee aliyekuwa angali akikumbuka.

Mfano wa pili watoka Bukama, katika Katanga. Mwaka wa 1926 mtumishi mmoja wa serikali ya koloni, Georges Thiry, aliona picha nzuri zilizopakwa katika kuta za nyumba. Yeye aliuliza ni kazi ya nani. Akajulishwa kwa Albert Lubaki, akampa karatasi na rangi za maji ili achore picha zisizofutwa na mvua. Na mkewe, Antoinette Lubaki, alichora pia. Picha za Lubaki zilionyeshwa Brussels mwaka wa 1929 na Geneva mwaka wa 1930. Mwaka wa 2015, karibu miaka 90 baada ya swali lile, picha za mume na za mke zilitundikwa Paris katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo, kila moja ina jina lake. Nchi ni ile ile, miaka ni ile ile, utawala ni ule ule. Tofauti ni kwamba mtu mmoja aliuliza.

SINEMA MBILI ZA MITO YETU

Sasa turudi Tshopo, tutoke katika mti twende katika sinema. Wengi hawajui ya kuwa sinema mbili mashuhuri za karne ya ishirini zilipigwa picha katika jimbo hilo.

Ya kwanza yaitwa The African Queen, ya mwaka wa 1951. Mwongozaji wake alikuwa Mmarekani John Huston, na wachezaji wakubwa walikuwa Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Hadithi yake imetoka katika kitabu cha Mwingereza C. S. Forester cha mwaka wa 1935. Ni habari ya vita vya 1914: dada ya mmisionari mmoja Mwingereza na mwendeshaji wa mashua chakavu washuka mto wenye maporomoko, wakikusudia kuizamisha meli ya Wajerumani iliyo ziwani. Meli hiyo ya hadithi yatukumbusha meli ya kweli ya Wajerumani katika ziwa Tanganyika, Graf von Götzen, iliyozamishwa na wenyewe mwaka wa 1916, ikaopolewa mwaka wa 1924, ikaitwa Liemba.

Picha nyingi za mto zilipigwa katika mto Ruiki, karibu na Ponthierville, mji uitwao leo Ubundu. Msituni kule, mahali paitwapo Biondo, ilijengwa kambi nzima ya kuwapokea wageni. Mashini ya kupigia picha za rangi ilikuwa kubwa na nzito, ikabidi kuwekwa juu ya chelezo na kuvutwa majini. Mashua yenyewe ilizama siku moja, ikapasa kuvutwa juu. Siafu waliivamia kambi. Bibi Katharine Hepburn, aliyekunywa maji, aliugua sana tumbo. Bwana Huston na Bwana Bogart, walioshika chupa ya whisky, hawakuugua. Wasomaji wasichukue funzo baya katika jambo hili: dawa ya maji machafu ni kuyachemsha!

Mjue pia ustadi wa kazi hiyo. Mto mmoja mnaouona katika sinema umeshonwa kwa vipande vya nchi tatu: Kongo, Uganda na Uingereza. Wachezaji wanapoingia majini hadi kifuani, hawamo katika mto wa Afrika, bali katika birika kubwa la studio Uingereza, kwa kuogopa magonjwa ya maji. Lakini macho hayaoni mshono. Kwa kazi hiyo Bogart alipata mwaka wa 1952 ile tuzo ya Marekani iitwayo Oscar, ya kwanza na ya mwisho kwake.

Ya pili ni The Nun's Story, yaani Hadithi ya Mtawa, ya mwaka wa 1959. Mwongozaji alikuwa Fred Zinnemann, na mchezaji mkuu Audrey Hepburn, ambaye hana udugu na yule Hepburn wa kwanza. Yeye alizaliwa Brussels mwaka wa 1929. Kitabu kilichotumiwa, cha Kathryn Hulme cha mwaka wa 1956, kimefuata maisha ya kweli ya mwuguzi mmoja Mbelgiji, Marie Louise Habets. Sista Luke aingia utawani, atumwa Kongo kuwauguza wagonjwa pamoja na daktari mkali, na mwisho, wakati wa vita kuu ya pili, atoka utawani kwa kuona ya kwamba hawezi kutii kama alivyoapa. Picha za Kongo zilipigwa mwanzoni mwa mwaka wa 1958 huko Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, na upande wa Yakusu, ambako daktari Mwingereza Stanley Browne aliwatibu wakoma kwa miaka mingi.

Sinema hiyo yafaa kutazamwa na jamaa nzima, tena bila haraka. Zinnemann alitaka sehemu za Ulaya ziwe nyeusi na nyeupe, na sehemu za Kongo ziwe za rangi. Wenye kampuni hawakukubali. Lakini hata hivyo mtaona jinsi Ulaya ya sinema hiyo ilivyo baridi, kuta na nguo na anga, na jinsi rangi zinavyopata uhai Kongo. Angalieni hasa mwisho wake. Sista amevua nguo za kitawa, mlango umefunguka, naye aenda peke yake njiani. Mwongozaji mwingine angaliweka hapo vinanda vya kutuliza au kuliza. Yeye alikataza muziki. Mtazamaji aachwa na kimya, aamue mwenyewe kama mwanamke huyu ameshindwa au ameshinda. Huo ndio ustadi: kujua mahali pa kunyamaza.

Hayo ndiyo tunayoyasifu. Sasa tuulize nusu ile ya pili.

Katika The African Queen mwaona wanakijiji wakiimba kanisani, mwaona nyumba zao zikichomwa moto. Lakini katika orodha ya wachezaji mtasoma majina ya Wazungu watupu. Katika The Nun's Story mna Waafrika wawili waliopewa majina katika hadithi, Kalulu na Illunga. Kalulu alichezwa na Orlando Martins, mzaliwa wa Lagos, Nigeria. Illunga alichezwa na Errol John, wa kisiwa cha Trinidad. Wote wawili walikuwa wachezaji hodari. Lakini watu wa Stanleyville, walioonekana wakiwa wagonjwa, wapiga makasia, akina mama penye mlango wa hospitali, wameingia katika sinema bila majina na wametoka bila majina. Nao waliojenga kambi ya Biondo, wakavuta kamba na chelezo, hawaonekani hata nyuso.

Kuna na neno jingine. Tangu mwaka wa 1945 sheria ya koloni ilikataza Wakongo kuingizwa katika maonyesho ya sinema, isipokuwa zile zilizopata kibali cha tume ya serikali. Basi yawezekana kabisa mtu apigwe picha na mashini ya Wamarekani, uso wake utazamwe London na New York, na yeye mwenyewe asiuone. Leo kizuizi hicho hakipo. Kijana wa Kisangani aweza kuitazama sinema ile katika simu yake. Lakini mtoto wa miaka 10 aliyesimama ukingoni mwaka wa 1958 kutazama mashini ya wageni, sasa yu karibu na miaka 80. Nani ameketi naye, akamwonyesha sinema ile na kumwuliza: Babu, huyu ni nani? Bibi, yule wa kushoto mwamjua? Muda wa kuuliza haukubaki mrefu.

LOKOLE HAIKUSAHAU JINA

Mtu asije akasema kwamba kutokutaja majina ni desturi ya Afrika. Kinyume chake ni kweli, na ushahidi uko papo hapo, kwa majirani wa Wambole, Walokele wa mto Kongo.

Walokele walikuwa mabingwa wa ngoma ya mti, ile gogo lililochimbwa tumbo likaachiwa mwanya mrefu juu, ambayo wengi katika Kongo huiita lokole. Mwingereza John Carrington, mwalimu katika misioni ya Kiprotestanti ya Yakusu, alijifunza lugha hiyo ya ngoma kwa wenyeji, akaieleza katika kitabu chake cha mwaka wa 1949, Talking Drums of Africa. Alionyesha kwamba ngoma haina alama za siri. Lugha yenyewe ya Walokele ina sauti ya juu na sauti ya chini katika kila neno. Midomo miwili ya gogo, mmoja wa sauti nene na mmoja wa sauti nyembamba, yaiga sauti hizo.

Lakini maneno mengi yana mwendo mmoja wa sauti. Msikilizaji wa mbali atajuaje lipi limetajwa? Wapiga ngoma walipata dawa: badala ya neno moja walipiga sentensi nzima iliyojulikana. Mwezi haukuitwa mwezi tu, bali mwezi uitazamao dunia kutoka juu. Kwa njia hiyo habari ya msiba au ya mkutano ilivuka maili nyingi za msitu kwa dakika chache, hali barua ilihitaji siku nzima ya makasia.

Na je, mtu aliitwaje kwa ngoma? Hapo ndipo penye neno tunalolitafuta. Kila mtu mzima alikuwa na jina lake la ngoma, nalo lilikuwa na sehemu tatu: kwanza jina lake mwenyewe alilopewa na babaye, kisha jina la babaye, na mwisho kijiji cha mamaye. Hakuna aliyeitwa kwa kabila tu, wala kwa kazi tu. Ngoma ilipolia, mtu aliyekuwa shambani au mtoni aliinua kichwa, akajua ni yeye na si mwingine.

Hebu lipimeni jambo hili pamoja na ile karatasi ndogo ya jumba la makumbusho. Gogo la mti lilimtaja mtu kwa ukamilifu zaidi kuliko daftari la msomi.

NA SANTURI NAZO

Desturi hiyo ya kutaja majina haikufa na ngoma. Ilihamia katika santuri. Mwaka wa 1948 huko Léopoldville, leo Kinshasa, Wendo Kolosoy alirekodi wimbo wa Marie-Louise pamoja na mpiga gita Henri Bowane, katika studio ya Ngoma. Wendo alikuwa amefanya kazi ya ufundi wa mitambo katika meli za mto Kongo, na kwa njia ya mto huo huo santuri zikapanda hadi Stanleyville na vijiji vyake. Juu ya kila santuri palikuwa na karatasi ya mviringo, na juu ya karatasi jina la mwimbaji. Ndiyo sababu wazee wa leo hawasemi “wimbo wa Kikongo wa zamani”. Wao husema “wa Wendo”, “wa Kabasele”, “wa Franco”.

Mwaka wa 1960, wakati wa mkutano wa Brussels juu ya uhuru, Joseph Kabasele na wenzake wa African Jazz waliimba Indépendance Cha Cha. Sikilizeni wimbo huo kwa makini: pamoja na furaha yake, ni orodha ya viongozi na vyama vilivyokuwako mkutanoni. Watoto waliokuwa hawajui kusoma walijifunza majina hayo kwa kucheza. Mwezi wa Desemba 2021 shirika la UNESCO liliiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa wanadamu wote. Heshima hiyo imewafikia wenyewe, kwa sababu wenyewe wanajulikana.

DAFTARI LA JAMAA

Kwa nini tunayasema haya sasa? Mwezi wa Februari 2022 serikali ya Ubelgiji iliikabidhi serikali ya Kongo orodha ya vitu kama 84,000 vya Kongo vilivyomo Tervuren. Mwaka huo huo Ubelgiji ilitunga sheria ya kuwezesha vitu kurudishwa. Kinshasa kuna jumba jipya la makumbusho, lililofunguliwa mwaka wa 2019. Yamkini basi siku moja sanamu za Lomami zirudi. Watakapoulizwa watu wa Opala, “Hii ilikuwa ya kijiji gani? Nani aliyeichonga?”, ingekuwa fedheha kujibu kwa kusoma ile karatasi ya Brussels.

Lakini tusingoje Brussels. Daftari laanza nyumbani. Baba na mama wa jamaa, twawashauri mambo machache, yasiyohitaji fedha.

Picha za zamani zitoeni katika ukuta wenye unyevu. Nyuma ya kila picha andikeni kwa kalamu ya risasi, polepole, bila kugandamiza: jina la aliyemo, la babaye, na kijiji cha mamaye, kama ilivyofanya lokole. Ongezeni mwaka, na jina la mpiga picha kama yajulikana. Zifungeni katika karatasi safi, mziweke mahali pakavu mchwa wasipofika.

Santuri zisimamisheni kama vitabu, msizilaze moja juu ya moja. Zile za kale huvunjika kama sahani za udongo, na zile za baadaye hupinda kwa jua. Jina lililo katikati msilibandue.

Kiti cha babu, kinu kilichonakshiwa, kikapu, gogo la ngoma: viulizeni vyote. Nani alivifanya? Alijifunza kwa nani? Mti ni mti gani? Na kwa kuwa nyumba nyingi siku hizi zina simu, kijana na airekodi sauti ya mzee akijibu. Simu ile ile inayotumika kwa porojo yaweza kuwa sanduku la hazina.

Na ajapo mgeni mwenye tabasamu na noti mkononi, akitaka kununua “kile kitu cha zamani kisicho na kazi”, msiharakishe. Sheria ya Kongo ya mwaka wa 1971 inalinda vitu vya urithi wa nchi. Tena jiulizeni: kama hakina kazi, mbona ametembea mbali hivi kukitafuta?

Jambo la mwisho lawahusu mafundi walio hai. Katika kijiji chenu yuko achongaye, afinyangaye, asukaye, achoraye vibao vya maduka. Miaka 70 ijayo kazi yake nayo itaitwa ya kale, na watu wataisifu. Mwambieni leo atie jina lake chini ya kazi yake. Msiogope kwamba ni majivuno. Fundi anayetia jina lake ajua ya kuwa atajibu kwa ubora wa kazi, na mnunuzi asomaye jina ajua kwamba amepokea kitu mkononi mwa mtu.

Mchongaji wa Lomami, yule aliyeweza kuuonyesha mti huzuni ya mwanadamu, alikuwa na jina, na babaye, na kijiji cha mamaye. Labda halitapatikana tena. Lakini ya wengine wengi yangali vinywani mwa wazee, yakingoja swali. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Basi ulizeni, mkaandike.